Mashine Tatu, Ugonjwa Mmoja

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mwanao miguu imevimba na ananifokea kana kwamba mimi ndiye niliyeivimbisha. Daktari anasema mtoto atakuja mwanzoni mwa Mei.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mpaka nimeona haya. Mwanao ananiambia, "Mama siku hizi simu zinamchosha, mwandikie." Haya, naandika. Mkono wangu umezoea chaki na mkasi, kwa hiyo univumilie.

Ulisema utakuja kukaa nasi mtoto akizaliwa, ila hulali kwenye nyumba isiyo na mashine ya santuri ya maana, na kwamba lazima uipime mwenyewe kwanza, huko huko kwako. Nimekubali. Leo nimeweka kwenye basi la mizigo mashine ya mkanda. Muuzaji ameniapia kwamba ni tulivu kama paka aliyeshiba. Mota imekaa pembeni, mkanda wa mpira ndio unaolizungusha sinia linalobeba santuri, hivyo mtikisiko wa mota haufiki kwenye sindano. Hilo nimelielewa mara moja, maana cherehani yangu ya kukanyaga nayo ni ya mkanda, na tangu niinunue haijanipindishia mshono.

Ukiipenda, njoo nayo. Chumba chako tumeshakipaka rangi.

Mkweo,
Fundi

14 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Mwambie mwanangu aweke miguu juu ya mto na asikufokee bila sababu. Sababu zipo za kutosha.

Mashine imefika. Sanduku lake lilikuwa zuri. Sifa zimeishia hapo.

Mimi nimefanya kazi chumba cha matangazo tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Watangazaji walizungumza, mimi niliweka santuri. Kule tulitumia mashine za gurudumu: gurudumu dogo la mpira linabanwa kati ya mota na ukingo wa sinia, na ukiliachia tu, sauti hiyo hapo. Hii yako ya mkanda ukiiwasha inajivuta kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Hilo ningelisamehe, nyumbani hakuna wasikilizaji wanaongoja. Lakini inayumba! Nimeweka santuri ya kinanda. Sauti inayotakiwa isimame inapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Mkanda umelegea huo, wamekuuzia kamba ya kufungia mboga.

Ile ya gurudumu niliyopewa siku ya kuagwa kazini nayo ilianza hivi hivi mwaka jana. Mpira wa gurudumu ulikuwa umekauka, nikamgawia jirani. Sasa nimebaki na santuri zangu ukutani, na mashine sina.

Na habari za cherehani usiniletee. Mshono ukipinda kidogo nani anauona? Sauti ikipinda, hata mbwa anainua kichwa.

Nimeirudisha kwa basi lile lile.

Mama mkwe wako

27 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeipokea mashine. Nimeuvuta mkanda, sikuona ulegevu, lakini mimi ni nani hata nibishane na chumba cha matangazo.

Uliisifia ya gurudumu, basi nimekutafutia ya gurudumu. Nimeulizia kila duka mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanatikisa kichwa. Mwishowe nimeipata kwa mzee mmoja aliyekuwa na ukumbi wa dansi. Ni nzito kama jiwe la kusagia. Gurudumu lake ni jipya, nimelibonyeza mwenyewe kwa kidole, laini kabisa.

Karani wa mizigo ameshanizoea. Ameniuliza, "Huyu unayemtumia zawadi kubwa kubwa, bado hajakubali tu?" Nikamwambia ni mama mkwe. Akaacha kucheka, akalifunga sanduku kwa kamba mbili bila hata kuombwa.

Mwanao anauliza utafika lini. Anakuuliza wewe, lakini anayeulizwa kila asubuhi ni mimi.

Mkweo,
Fundi

10 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Sitakuwa mchoyo wa shukrani. Nilipoinua mkono wa mashine na sinia likaondoka kwa nguvu, bila kusitasita, nilicheka peke yangu sebuleni. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Kisha santuri ikaanza kuimba.

Kwanza inanguruma kwa chini. Hayo ndiyo maradhi ya gurudumu: kila mtetemo wa mota unapita kwenye mpira hadi kwenye sindano. Kazini tulivumilia kwa sababu redio za watu zilikuwa ndogo, hazikutoa sauti za chini. Nyumbani sivumilii. Pili, inayumba, vilevile kama ile ya mkanda, pengine zaidi. Mwimbaji mmoja nawasikia wawili, mmoja yuko chini kidogo ya mwenzake, wanasukumana. Tatu, spika ya kushoto haitoi sauti inavyopasa. Nimeihamishia kulia na ya kulia nikaileta kushoto, bado kushoto ni hafifu. Kwa hiyo spika ni nzima, mashine ndiyo mbovu.

Inarudi. Mpe pole karani wa mizigo.

Kuhusu lini nitafika, tumalize kwanza jambo hili. Mtoto hatakuja na mabegi, hakuna haja ya kukimbizana.

Mama mkwe wako

22 Machi

Mama,

Shikamoo.

Kwa heshima zote, nimechoka. Nasema hivyo nikiwa nimekaa vizuri na nimepumua kwanza.

Mashine ya tatu iko njiani. Hii haina mkanda wa kulegea wala gurudumu la kukauka. Sinia limekaa juu ya mota yenyewe, kama kichwa juu ya shingo, mota ikizunguka na lenyewe linazunguka. Ndani kuna kifaa kinachoulinda mwendo kama wa saa: ukitaka kuchelewa kinausukuma, ukitaka kukimbia kinaushika. Vijana wanaopiga muziki kwenye kumbi wanazipenda hizi. Wanalisimamisha sinia kwa kidole na kuliachia, nalo linashika mwendo wake papo hapo. Inaondoka upesi kama ya gurudumu, ni tulivu kama ya mkanda. Nimeuliza kama kuna aina ya nne. Hakuna, Mama. Baada ya hii labda tuajiri mtu wa kuzungusha kwa mkono.

Mwanao hawezi tena kuinama kufunga viatu. Namfunga mimi. Jana ameniambia, "Mama angekuwa amefika sasa." Nikaikaza kamba ya kiatu.

Mkweo,
Fundi

4 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimeijaribu siku tatu nzima, usije ukasema nina haraka.

Hizi za mota chini ya sinia zina kasoro yake. Mota haisukumi mfululizo, inasukuma kwa vipigo vidogo vidogo, na sikio lililozoea linavihisi. Sauti inayumba. Waimbaji ni wawili tena. Kushoto ni hafifu tena.

Nimewaza, labda turudi kwenye mkanda, ila sinia liwe zito sana, zito la kweli, na mota isimame peke yake mbali na sanduku. Ukiweza kuipata hiyo, nitaipima. Kama Mei itafika kabla, si mbaya. Mnaweza kumpata mtu mwingine wa kuanza naye, mama fulani wa jirani, mwenye uzoefu. Mimi nitakuja baadaye mambo yakitulia.

Mama mkwe wako

13 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Mashine zote tatu ziko hapa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nguo za wateja ziko sakafuni. Sasa nisikilize.

Kuna karatasi ya duara yenye mistari. Unaiweka juu ya sinia chini ya taa, sinia likizunguka kwa mwendo ulio sawa, mistari inaonekana imesimama. Nimeiweka kwenye ya mkanda: imesimama. Kwenye ya gurudumu: imesimama, inatikisika kidogo tu kama pazia. Kwenye ya tatu: imesimama kama askari wa zamu. Nikasema labda macho yangu ndiyo mabovu. Nikamwita mpiga kinanda mmoja ninayemshonea suti, mtu ambaye kengele ya baiskeli ikilia anakutajia ni sauti gani. Amekaa hapa mchana kutwa. Ya gurudumu, amesema, inanguruma, kweli. Ya mkanda inachelewa kuondoka, kweli. Kuyumba hakuna. Waimbaji wawili hawapo. Kushoto na kulia ni sawa. Akaniuliza, "Aliyekuambia haya ni nani?" Nikaanza kuikunja ile karatasi ya mistari.

Mashine tatu, kila moja imetengenezwa kivyake, kila moja inazungushwa kivyake, halafu zote zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe unaanza zikifika kwako tu. Mimi sikusoma sana lakini si mjinga.

Sema tu, Mama. Sema hutaki kulala kwenye nyumba ya fundi cherehani. Tangu siku ya posa nilijua hukupenda kazi yangu, ukaficha kwa adabu. Lakini kumwambia mwanao atafute "mama fulani wa jirani"! Nimemsomea barua yako nikaruka mstari huo. Mimi sitaki kuwa mtu wa kuruka mistari.

Mkweo,
Fundi

20 Aprili

Fundi,

Barua yako nimeipata.

Sitakuja.

Mama wa mke wako

25 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nimelala ubavu, mwandiko usikushangaze.

Mume wangu amekaa siku nzima bila kukanyaga cherehani. Nikamuuliza, akasema hana kitu. Nikafungua droo ya vifungo nikakuta barua zako kwake. Nimezisoma mwanzo hadi mwisho, na niwaambie wote wawili, mmenichosha. Watu wazima mnatumiana masinia kwa basi miezi mitatu, na mimi nimebeba mtoto.

Yeye anadhani unamdharau. Nimemwambia, "Mama akimdharau mtu haandiki kurasa mbili, anamjibu kwa mstari mmoja." Akatoa mfukoni barua yako ya mwisho.

Lakini mimi nimekujua kabla yake. Mama, simu uliacha kupokea mwaka jana. Mwaka jana huo huo mashine yako ikaanza kuyumba. Nimempigia jirani yako uliyemgawia. Anasema inaimba vizuri mpaka leo, gurudumu hajaligusa. Anasema pia siku hizi akikubishia hodi hufungui, anazunguka dirishani akupungie mkono ndipo umwone.

Umehamisha spika, kushoto kukabaki hafifu. Umebadilisha mashine, kushoto bado hafifu. Mama, hicho kilichobaki kushoto wakati wote ni nini? Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba ukitafuta hitilafu unabadilisha kimoja kimoja, na kisichobadilika ndicho chenye kosa. Unajua. Huwezi kuwa hujui.

Mimi sina hasira. Nilikuwa nayo asubuhi, imeisha. Niambie tu unaogopa nini, maana kutosikia vizuri si sababu ya kunikimbia mimi.

Mwanao

1 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba.

Nilijua. Sikujua siku ya kwanza, mashine yangu niliigawa nikiamini kweli ni mbovu. Ilipokuja ya mkanda nikaamini tena, kwa sababu nilitaka kuamini. Lakini ya gurudumu ilipofika, nilipohamisha zile spika, nilikaa kitako pale chini na nyaya mkononi. Nikajua. Nikaandika "mashine ndiyo mbovu", nikatia sahihi.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. La kushoto limekwisha kwa sehemu kubwa, na kile kinachobaki kinasikia kila sauti ikiwa chini kidogo kuliko inavyosikika kulia. Ndiyo maana mwimbaji mmoja nawasikia wawili, mmoja kila upande, na kichwani hawapatani, ndiko kuyumba kwenyewe. La kulia nalo linafuata, polepole. Atanipa kifaa cha kuvaa. Anasema kitasaidia maneno ya watu. Muziki, amesema, tusiahidiane.

Unaniuliza ninaogopa nini. Mwaka jana jirani aliniachia mtoto wake aende dukani. Mtoto amelala, mimi niko chumba cha pili nakunja nguo. Nyumba kimya, nikafurahi, nikasema mtoto huyu ana tabia nzuri. Mama yake aliporudi alinipita mlangoni mbio, hakunisalimia. Mtoto alikuwa ameviringika akabanwa kati ya godoro na ukuta, amelia mpaka sauti imekauka. Hakuumia. Mama yake akasema, "Huenda ulisinzia." Nikasema ndiyo, nilisinzia. Hajaniachia tena.

Sasa na wewe unataka uniachie wako. Ningekuambiaje? Mtu aliyelishwa na masikio yake maisha yote aje kwako aseme mtoto wako atalia na mimi nitakuwa nakunja nguo? Mashine ilikuwa rahisi zaidi kuilaumu. Ina sehemu nyingi.

Mumeo hakukosea, zile mashine zote tatu ni nzima. Na kazi yake sikuidharau kamwe. Siku ya posa nilinyamaza kwa sababu alikuja na koti alilolishona mwenyewe, nikawa nautafuta mshono wa bega nisiuone. Kama anataka kubaki na moja, abaki na ile ya mwisho. Ya mkanda ni tamu zaidi kwa mtu mtulivu asiye na haraka, lakini mtoto akianza kutambaa mkanda huo atautia mdomoni. Ya gurudumu amrudishie mzee wa ukumbi, atakuwa anaililia.

Nitamwandikia mwenyewe kumwomba radhi. Lakini kuja, mwanangu, hapana. Tafuteni mwenye masikio.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani sijakuandikia mapema, na samahani kwa mambo mengine ambayo nikianza kuyataja karatasi itajaa.

Mtoto amezaliwa. Wa kike. Mama yake yuko salama, amechoka, amelala hapa pembeni mdomo wazi, asijue nimekuambia.

Barua yako tumeisoma pamoja. Alilia. Mimi nilitoka nje nikazunguka nyumba, maana ile barua yangu ya Aprili niliikumbuka neno kwa neno.

Sasa, Mama, niruhusu nikasirike mara moja tu, kisha sitarudia. Unasema tutafute mwenye masikio. Masikio! Humu ndani tuna masikio manne mazima. Mtoto akilia mimi namsikia vizuri kabisa, upande wa kushoto na upande wa kulia, wala hayumbi, na sijui la kufanya! Nimembeba kwa mkono huu, analia. Nimembeba kwa mkono ule, analia. Nimemlaza, analia zaidi. Mwanao anamsikia, naye analia. Majirani wanamsikia pia, wanagonga ukuta. Kusikia hakujatusaidia hata kidogo. Kinachokosekana ni mikono inayojua. Mimi mikono yangu inajua kitambaa, na kitambaa hakinyooshi mgongo ukikishika vibaya.

Hakuna atakayekuacha peke yako naye ukikunja nguo chumba cha pili. Nguo nitakunja mimi, ndiyo kazi yangu. Wewe utakuwa naye kifuani. Akilia hapo, utakuwa umejua kabla sisi hatujasikia.

Mashine ya tatu iko sebuleni. Nyingine zimeondoka. Hatujaiwasha.

Njoo tu, Mama. Naomba.

Mkweo,
Fundi

16 Mei

Baba wa mjukuu wangu,

Marahaba, na hongereni. Na uniwie radhi kwa zile mashine.

Unambeba vibaya. Hata kwa barua naona. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa karibu na kiwiko, tumbo lake likandamizwe kidogo na kiganja, na utembee, usisimame. Akinyamaza usimlaze hapo hapo kama mtu anayetua mzigo. Hesabu kila dirisha la nyumba kwanza.

Kifaa nimekipata. Nilipokivaa, kitu cha kwanza kusikia ni kiatu changu mwenyewe sakafuni. Nikadhani kuna mtu ananifuata. Daktari alicheka, nikamnunia, kisha nami nikacheka. Maneno nayapata nikimwona anayesema. Mlio wa gari na sauti ya mtu bado vinachanganyika.

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Santuri nimechukua chache. Nyingine zimebaki ukutani, nitaona baadaye kama zina maana.

Kwa hiyo sikiliza, na umwambie mke wako. Kituoni kutakuwa na makelele. Ukiniita kwa nyuma nisigeuke, usidhani nimenuna, tumeshanuniana vya kutosha mwaka huu. Zunguka uje mbele yangu, nikuone uso. Sema taratibu, wala usipige kelele, ukipiga kelele nitapanda basi nirudi.

Na jambo moja. Umeandika kurasa mbili kuhusu kilio cha mtoto, jina lake umelisahau. Usiniandikie. Usimpe karani wala mtu yeyote aniletee. Ngoja nishuke, usimame mbele yangu, unitamkie. Nataka nilisikie.

Mama